Kila masika watoto wangu huumwa, na mama mkwe anasema ni baridi

Assalaam alaykum, Bi Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Wilaya ya Magharibi B, Unguja, katika mtaa wa bondeni usio mbali na Mwanakwerekwe, ambako mvua ikinyesha siku mbili mfululizo maji hayana pa kwenda. Nyumba tunayokaa ni ya marehemu baba mkwe wangu, na ndani yake tumo mimi na mume wangu, watoto, mama mkwe na wifi yangu ambaye hajaolewa. Uani kuna kisima alichokichimba marehemu zamani, wakati majirani walikuwa wa kuhesabika. Baadaye jirani alijenga nyuma ya ukuta wetu, na karo lake, yaani shimo la maji machafu ya choo, liko hatua chache tu kutoka kisimani. Kiangazi hatuoni tatizo, lakini ikifika Aprili karo hilo hufurika, maji yake hutiririka hadi uwani kwetu, na maji ya kisima nayo hupanda mpaka mtu akiinama anaweza kuyagusa kwa mkono. Rangi yake hubadilika, na yana harufu ambayo kila mtu anaisikia isipokuwa mama mkwe.

Maji ya mfereji tunayapata kwa mgao, mara nyingi usiku wa manane, na mama mkwe hayataki kwa sababu anasema yana dawa. Yeye hufukiza mtungi wake kwa ubani, akaujaza maji ya kisima, akauweka ukumbini, na nyumba nzima huchota humo kwa kata moja. Nilipoanza kuchemsha maji ya watoto, aliniambia mbele ya wifi yangu kwamba yeye amelea watoto saba kwa maji hayo hayo, na kwamba maji ya kuchemsha hayana ladha na yanamaliza mkaa. Sikujibu.

Masika haya mtoto wangu mdogo, wa mwaka mmoja na nusu, aliendesha siku tatu. Mama mkwe alikataza asipewe maji kwa kuwa yangemzidishia, akampa uji mzito kidogo pamoja na unga wa kidonge cha rangi mbili kilichobaki tangu wifi yangu alipoumwa. Mtoto alilegea mpaka macho yakaingia ndani, nikamkimbiza kituo cha afya, wakamtia maji ya mshipa, na alhamdulillah akarudi katika hali yake. Sijakaa sawa, mkubwa, aliye darasa la nne, akashikwa na homa na maumivu ya kichwa. Mume wangu, ambaye anafanya biashara ya nguo na kila mwezi hupanda boti kwenda Dar es Salaam na Tanga, anasema Zanzibar hakuna malaria tena, kwa hiyo nimpe parasetamoli tu. Homa ilitulia baada ya siku nne, lakini mpaka leo sijui ilikuwa homa gani. Wa kati ana mafua na kikohozi kisichokwisha.

Kwa mama mkwe yote haya ni baridi. Amewakataza watoto kuoga siku za mvua, amewavisha masweta, na usiku huwaingizia seredani chumbani na kufunga madirisha ili wapate joto. Mimi kwa upande wangu nanunua dawa za maji za vitamini kwa pesa za matumizi, na sioni tofauti.

Naomba unijibu: ni baridi kweli? Kisima tukifanye nini? Nitajuaje homa ya kuuguza nyumbani na homa ya kukimbilia hospitali? Na nitazungumza vipi na mama mkwe, ambaye kwa hakika ananipenda, bila ya kumvunjia heshima? Wakati mwengine nafikiri niwachukue watoto niende kwa mama yangu Makunduchi mpaka mvua ziishe, lakini nachelea maneno ya watu.

Mama wa Watoto Watatu, Unguja

Jibu

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Kabla ya uliyoniuliza, nianze na ambalo hukuniuliza kwa sababu halingoji: usiku wa leo seredani isiingie chumbani kwa watoto. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na aliyelala huivuta bila ya kujua, akaumwa na kichwa, akalegea, na huenda asiamke tena. Wengi hudhani hatari ni moshi, kwa hiyo husubiri mkaa ushike vizuri ndipo waingize ndani; mkaa ulioshika, usio na moshi hata chembe, hutoa gesi hiyo hiyo. Mambo mengine yote katika barua yako yanaweza kuendewa taratibu na kwa adabu, lakini hili liseme leo, na ikibidi mwambie mumeo alitoe seredani kwa mkono wake. Kwa hali ya hewa ya Unguja, mtoto mwenye nguo kavu na blanketi hahitaji moto chumbani.

Sasa tuje kwenye baridi. Mama mkwe wako ameona jambo la kweli, kwamba maradhi huja na mvua, na hilo wazee wetu walilijua kabla ya kuwapo maabara. Isipokuwa mvua hutuletea maradhi kwa njia kadhaa zisizofanana, na kila njia ina kinga yake. Mafua na kikohozi husambaa zaidi kwa sababu watu hujifungia pamoja katika vyumba visivyopitisha hewa. Kuendesha hutoka katika maji na chakula. Homa nyingi za msimu huu huletwa na mbu waliozaliana katika maji yaliyotuama. Ukizitia zote katika kapu moja la baridi, utawavisha watoto masweta huku wakiendelea kunywa maji ya karo.

Maji ndiyo shina la matatizo ya nyumba yenu, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kwa kirefu. Kiangazi, maji yanayotoka chini ya karo hupita katika udongo mkavu kabla ya kuyafikia maji ya ardhini, na udongo huo huyachuja kwa kiasi fulani. Masika maji ya ardhini hupanda, ule udongo mkavu ukatoweka, na maji ya karo na maji ya kisima yakawa kitu kimoja chini ya miguu yenu. Wataalamu wa afya hupendekeza kisima kiwe mbali na choo au karo kwa mita zisizopungua 30, nacho kiwe upande wa juu wa mteremko. Hata hivyo, sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye mianya na mapango, na maji yakishaingia katika mianya hiyo husafiri mbali bila ya kuchujwa. Kwenu ni hatua chache na mpo bondeni. Kwa hiyo maji ya kisima hicho yasinywewe bila ya kutayarishwa, masika wala kiangazi, maana kiangazi huyafanya yaonekane safi tu. Kutia dawa ndani ya kisima hakutakusaidia kwa muda mrefu, kwa sababu maji yake hubadilika kila saa na uchafu unaendelea kuingia.

Hapa ndipo penye mlango wa kuingilia kwa mama mkwe. Yeye anapokwambia kuwa amelea watoto saba kwa maji yale, anasema kweli, na ukimbishia utakuwa unambishia mumewe aliyekichimba kisima. Kisima cha marehemu kilikuwa kizuri, na kilichokiharibu ni karo la jirani lililokuja baadaye. Ukilisema hivyo, lawama inahama kutoka kwake na kutoka kwa mzee aliyekwisha tangulia mbele ya haki, inakwenda inakostahiki. Chagua wakati ambao mpo wawili, labda mnapopepeta mchele au baada ya sala ya alasiri, wala usiliseme mbele ya wifi au mbele ya mumeo, kwa sababu mtu mzima akisahihishwa mbele za watu hutetea hadhi yake kuliko hoja yake.

Muulize pia anakumbuka nini kuhusu kipindupindu. Kipindupindu kiliripotiwa Zanzibar kwa mara ya kwanza mwaka 1978, katika kijiji cha wavuvi, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Mwaka 2009 ilitolewa chanjo ya kunywa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, na mwaka 2016, mlipuko uliokuwa umeanza mwaka uliotangulia ulipokuwa umepamba moto, Serikali ilipiga marufuku uuzaji wa vyakula na vinywaji barabarani. Mtu wa umri wake hakosi kumjua aliyeuguliwa au aliyefiwa katika moja ya nyakati hizo. Mwache aeleze mwenyewe. Bibi anayesimulia jinsi maji yalivyowaua watu wa mtaa fulani hatakuwa na haja ya kufundishwa na mke wa mwanawe kwamba maji huua.

Kisha usimnyang'anye mtungi wake. Mtungi hauna kosa. Udongo wake hupoza maji vizuri, na ule ubani ndio unaoleta ladha anayoipenda. Mwombe auendeshe yeye, aufukize kama kawaida yake, ila ujazwe maji yaliyochemshwa na kupoa. Malalamiko yake kuhusu ladha yana ukweli, kwa kuwa maji yakichemka hupoteza hewa iliyomo ndani yake. Yakishapoa, yamimineni kutoka chombo safi kimoja kwenda chengine mara kadhaa, kisha yalale mtungini, na nina hakika hatayatambua. Kuchemsha kwenyewe hakuhitaji saa nzima kama wengi wanavyofanya. Yakishachemka kwa nguvu, yakatokota juu kote kwa dakika moja, yanatosha. Mkaa nao usikutishe sana: baada ya kuepua wali, seredani bado ina moto wa kuanzia sufuria ya maji. Ikiwa mkaa ni tatizo kweli, tumieni vidonge vya klorini vya kutibu maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mkasubiri nusu saa kabla ya kunywa. Maji yenye tope yaacheni kwanza yatuame, kisha myachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kwa sababu tope hula nguvu ya dawa.

Kata iwe na mpini mrefu na itundikwe ukutani, asiwepo mtu wa kutumbukiza mkono ndani ya mtungi, na mtungi uwe na kifuniko chake. Nimeona nyumba ambazo maji yalichemshwa kwa taabu kubwa, kisha mtoto aliyetoka chooni akazamisha kopo na vidole vyote vitano. Sabuni iwepo karibu na choo na iwepo jikoni, iwe inatumika, isiwe ya kuwekewa wageni.

Usiyategemee moja kwa moja hata maji ya mfereji. Maji yakitoka kwa mgao, mabomba hukaa matupu kwa saa nyingi, na bomba tupu lenye ufa likipita katika mtaro huvuta maji ya mtaroni. Ndiyo maana yale yanayotoka mwanzo mara nyingi huwa na rangi. Yaacheni ya mwanzo yapite, kingeni yanayofuata, nayo muyachemshe. Harufu ya dawa anayoichukia mama mkwe hupungua yakilala usiku mmoja.

Kisima kibaki kwa kufulia, kuosha sakafu na kumwagia chooni. Kuoshea vyombo, kupigia mswaki na kuogeshea mtoto mdogo anayemeza maji, hapana. Jambo moja husahauliwa na wengi: udhu. Anayetawadha husukutua na kupandisha maji puani mara tano kwa siku, kwa hiyo birika la udhu nalo lijazwe maji yaliyotayarishwa. Vilevile ikiwa mtoto anaumwa na bibi yake akataka aandikiwe kombe, yaani aya zinazoandikwa kwenye sahani zikaoshwa ili mgonjwa anywe, mwombe tu kwamba lioshwe kwa maji yaliyochemshwa.

Karo la jirani ni kazi ya mumeo, na hapa maneno yangu nayaelekeza kwake. Ni yeye mwenye nyumba sasa, na ni yeye anayepaswa kuzungumza na jirani, kwa uungwana kwanza, na ikishindikana kwa sheha wa shehia yenu na afisa afya, ambao wana wajibu wa kulishughulikia karo linalofurika. Kulivuta kwa gari sasa hivi kutampotezea jirani pesa, kwa sababu maji ya ardhini yatalijaza tena. Linalowezekana kwa sasa ni kulifunika vizuri, kuziba nyufa za juu na kuyazuia maji ya mchirizi wa bati yasimwagikie humo. Kuvuta na kulijenga upya kupangwe Januari au Februari, kabla ya masika yajayo. Kisima chenu nacho kinyanyuliwe ukingo, kisakafiwe pembeni na kiwekewe mfuniko.

Kuhusu mdogo wako, namshukuru Mungu kwamba ulimkimbiza. Mtoto anayeendesha hauawi na kinyesi chenyewe. Hukaushwa na maji na chumvi vinavyotoka mwilini, na kumnyima maji ni kumwongezea kile kile kinachomdhuru. Kuanzia haja ya kwanza ya majimaji mpe maji ya ORS, ile chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na yaliyobaki baada ya saa 24 uyamwage. Mtoto aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoendesha, na aliyepita umri huo mililita 100 hadi 200, kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha uendelee. Pakiti zikikosekana usiku, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji. Uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo unafaa pia. Maji ya dafu mpe akiyapenda, lakini yana chumvi chache mno kuweza kushika nafasi ya ORS. Kama bado ananyonya, azidishiwe, na chakula kisikatwe. Kituoni watakupa pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa umri wake, kwa siku 10 hadi 14. Wengi huviacha tumbo likishatulia, ilhali faida yake kubwa ni kwamba tumbo halirudi tena upesi.

Vidonge vya rangi mbili vitoeni ndani ya kabati. Antibiotiki haitibu kuendesha kwa kawaida, na nusu dozi ya mtu mzima iliyosagwa kwa kukisia ni hatari kwa mtoto. Mpeleke hospitali bila ya kungoja akiwa na macho yaliyoingia ndani, analia bila ya machozi, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, hawezi kunywa, ana damu katika choo, au anaendesha maji matupu yanayofanana na maji ya kuoshea mchele. Hilo la mwisho ni dalili ya kipindupindu, na aliyenacho, mtoto au mtu mzima, anaweza kufa katika saa chache. Mpeni ORS hata mkiwa njiani. Tazama pia kadi yake ya kliniki uone kama alimaliza matone ya chanjo ya rota, ambayo watoto hupewa wakiwa wachanga.

Homa ya mkubwa ingelipimwa siku ile ile. Mumeo amechanganya habari mbili. Ni kweli kwamba tangu dawa mseto ilipoanza kutumika mwaka 2003, na vyandarua na upuliziaji majumbani vikafuata, malaria Zanzibar ilishuka sana, hadi maambukizi yakawa chini ya asilimia moja. Lakini haijaisha, huongezeka baada ya mvua, na wagonjwa wengi ni watu waliosafiri Bara au wanaoishi nao. Nyumba yenu ina msafiri wa kila mwezi. Zaidi ya hayo, watoto wetu wa leo wamekua bila ya kuumwa malaria, kwa hiyo miili yao haina kinga, na ikiwapata huwaelemea upesi. Kipimo ni tone la damu kidoleni na majibu hutoka baada ya dakika 15 hadi 20. Akionekana nayo, wahudumu wa mpango wa kutokomeza malaria huweza kufika nyumbani kuwapima na wengine. Wapokeeni, wala msilione jambo la aibu. Mumeo alale ndani ya chandarua huko anakokwenda, na akirudi na homa, hata baada ya wiki mbili, amwambie mpimaji kwamba alisafiri.

Kipimo cha malaria kikiwa safi na homa ni kali, yenye maumivu nyuma ya macho, viungo kuuma au vipele, fikirieni dengi. Kwa hiyo mpe parasetamoli, kwa kipimo cha umri wake, pamoja na vinywaji vingi, na mjiepushe na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu. Dengi ina hila moja ambayo huwaponza wengi: hatari yake huanza homa inaposhuka, baina ya siku ya tatu na ya saba, wakati nyumba nzima inashukuru kwamba mtoto amepona. Siku hizo mwangalie. Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, fizi au pua zikitoka damu, au akilegea na kusinzia, hospitali mara moja. Homa yoyote yenye degedege au shingo kukakamaa nayo haina kusubiri, na homa iliyopita siku mbili bila ya sababu inayojulikana ionwe na daktari hata kama kipimo cha kwanza kilikuwa safi.

Mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Yeye hapendi madimbwi ya barabarani mnayoyalalamikia. Anapenda maji safi yaliyotuama katika vyombo: vifuu vya nazi vilivyotupwa nyuma ya jiko, makopo, mipira ya gari, sahani za chini ya vyungu vya maua, na hasa pipa la maji ya mvua lisilofunikwa. Mayai yake huyabandika kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji, nayo hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugueni kuta kwa brashi mara moja kila wiki. Siku ya Ijumaa asubuhi, watoto wasipokuwa chuo cha Kurani, mkubwa wako anaweza kupewa kazi hiyo pamoja na kuvifudikiza vifuu.

Kikohozi cha wa kati nadhani kitapungua moshi wa seredani ukitoka na madirisha yakifunguliwa mchana. Tangawizi na mchaichai vya bibi havina ubaya, endeleeni navyo. Unachotakiwa kuangalia ni pumzi: akiwa ametulia, hesabu kwa dakika moja kamili mara ngapi kifua kinapanda. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano, 40 au zaidi ni dalili ya nimonia. Kwa mchanga wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, ni 50. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, usihesabu tena, mpeleke. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kichunguzwe kifua kikuu. Waogeshe kila siku kwa maji ya vuguvugu na uwakaushe vizuri hasa katikati ya vidole, kwa sababu uchafu na unyevu ndivyo vinavyowapa fangasi na majipu msimu huu. Na zile dawa za vitamini ziache. Pesa hiyo inunue sabuni, pakiti za ORS na dagaa.

Makunduchi sioni haja ya kuhamia kwa msimu mzima. Watoto watakosa skuli, watu watasema yale unayoyachelea, na mama mkwe ataona amekimbiwa. Lakini maji yakiingia ndani ya nyumba yenu, nenda siku hizo hizo bila ya kuomba radhi kwa mtu, na hata mama mkwe umchukue, kwani maji ya mafuriko yaliyochanganyika na ya karo hayakaliwi na mtoto anayetambaa wala na mzee. Zimeni umeme kwenye swichi kuu kabla hamjakanyaga maji. Mkirudi, vitu vilivyolowa vioshwe kwa sabuni, sakafu isuguliwe kwa dawa ya klorini na mikono iwe na glavu au hata mifuko ya plastiki.

Na usidhani kwamba ukifika kwenu umeshasalimika. Makunduchi ni wajanja wa afya tangu zamani: mwishoni mwa miaka ya 1980 vyoo vya mji wao vilimwagiwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea, zikafunika maji, na mbu wanaoeneza matende na mabusha wakapungua kwa kiasi kikubwa. Lakini nako kuko juu ya jiwe lile lile la matumbawe, na visima vyake vinahitaji tahadhari ile ile. Chukua kadi za kliniki, vyandarua na pakiti za ORS, na umtangulizie mama yako salamu mapema kwamba maji ya wajukuu yachemshwe.